Uzio wa miti ukivamia njia: nani akate, akate kiasi gani, na akikataa ufanyeje

Mwenye nyumba huuona uzio wake kwa upande wa ndani, na upande huo hauna tatizo: majani ni ya kijani, vumbi halipiti, na majirani hawaoni kinachoanikwa kambani. Tatizo liko nje, upande ambao yeye mwenyewe haupiti kwa miguu kwa sababu akitoka getini anatoka na gari. Huko matawi yameshameza nusu ya njia ya waenda kwa miguu. Mama mwenye kigari cha mtoto inambidi ateremke barabarani kuyakwepa. Dereva anayetoka barabara ya pembeni anatanguliza pua ya gari ndipo aone kinachokuja.

Mwongozo huu ni wa watu wawili: mwenye uzio, na mpita njia anayesumbuliwa na uzio huo. Sehemu kubwa ni ya yule wa kwanza, maana mkasi uko mkononi mwake. Wa pili anaweza kuruka hadi hatua ya 6, ila asome hatua ya 1 kwanza ili ajue anamlalamikia nani.

Hatua ya 1: Jua uzio ni wa nani

Kanuni inayofuatwa karibu kila mahali ni kwamba tawi hufuata shina. Mti ulioota ndani ya kiwanja chako ni wako wote, pamoja na lile tawi linaloning'inia juu ya ardhi ya umma. Maneno kama "mwisho wangu ni hapa, huko nje ni kazi ya serikali" husikika sana, na hayana msingi. Tawi likivuka mpaka huwa limevuka likiwa bado lako.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza tawi limefika wapi. Uliza shina limesimama wapi. Inama, tenganisha majani, tazama pale linapoingia ardhini, kisha linganisha na mpaka wa kiwanja. Mpaka nao usiukisie kwa kuangalia ukuta, mtaro au ukingo wa lami. Vitu hivyo huhama, na kuta nyingi zimejengwa nje au ndani ya mstari. Tafuta mawe ya mpaka, yaani bikoni, na uyalinganishe na ramani ya upimaji iliyoambatana na hati. Kama bikoni zimefukiwa, mpima ardhi atazipata kwa muda mfupi kuliko utakaotumia kubishana.

Shina likiwa ndani ya mpaka, kazi ni yako. Likiwa nje, kwenye hifadhi ya barabara, kwa kawaida ni la mamlaka inayosimamia barabara hiyo, nayo ndiyo inayopaswa kulipogoa. Kuna hali ya tatu ambayo watu hawapendi kuisikia: uzio uliopandwa na wewe, au na aliyekuuzia kiwanja, hatua mbili nje ya mpaka ili "kuongeza nafasi". Huo hauna utetezi. Umeweka kizuizi kwenye ardhi isiyo yako, na mamlaka ikiamua kuung'oa wote badala ya kuupunguza, utakuwa na machache ya kusema.

Vipi kuhusu nyumba ya kupanga? Soma mkataba. Kama haujataja bustani wala uzio, mwenye nyumba na mpangaji wakubaliane kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Msitegemee kwamba sheria itamchagua mmoja wenu na kumwacha mwingine. Nchini Uingereza, kifungu cha 154 cha Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 kinairuhusu mamlaka kumwandikia mwenye uzio au mtu anayekaa kwenye ardhi hiyo. Sheria ya Barabara ya Ayalandi ya mwaka 1993, kifungu cha 70, nayo inawataja wote wawili, mwenye ardhi na mkaaji, kuwa na wajibu wa kuchukua hatua za busara ili miti na vichaka vyao visiwe hatari kwa watumiaji wa barabara. Kwa hiyo ugomvi wa nani alipe kibarua ni wenu wawili, haumhusu anayepita.

Nyumba iliyofungwa au yenye mirathi isiyokwisha ndiyo hutoa nyua mbaya kuliko zote. Warithi wote hungojeana. Mmoja wao aliye karibu aukate, atunze risiti, na gharama ikatwe siku ya kugawana.

Hatua ya 2: Toka nje ukapime

Chukua futi kamba na simu, toka getini kwa miguu, na utembee urefu wote wa uzio kwa upande wa nje, kwenda na kurudi. Siku nzuri ya kufanya hivi ni mara baada ya mvua. Tawi jembamba lenye majani mengi likilowa huinama, na lile lililokuwa juu ya kichwa jana leo linakupangusa uso. Kipimo cha siku kavu kitakudanganya.

Pima mambo manne.

La kwanza ni urefu juu ya njia. Ujerumani hutumia mita 2.5 juu ya njia ya waenda kwa miguu na mita 4.5 juu ya barabara ya magari. Viwango vya Marekani vya watu wenye ulemavu vinataka kichwa kisipate kizuizi chini ya sentimita 203. Chukua kile kikubwa, mita 2.5, kwa sababu tawi litakua, litalowa, na chini yake atapita mtu mwenye mwavuli au baba aliyembeba mtoto mabegani. Juu ya barabara yenyewe mita 4.5 ndiyo mwanzo. Penye mabasi ya ghorofa acha nafasi ipite mita 5.

La pili ni upana. Watu huuliza wanapaswa kuwaachia wapita njia nafasi kiasi gani. Swali lenyewe limekaa vibaya, kwa sababu njia yenye upana wa mita 2 ni ya watu mita zote 2. Majani yasivuke ukingo wake. Hata hivyo vipimo husaidia kujua hali ni mbaya kiasi gani: kiti cha magurudumu kinahitaji angalau sentimita 90 kupita kwenye kizuizi kifupi, na watu wawili wa viti hivyo wakikutana wanahitaji karibu mita 1.8 wapishane. Ikiwa umepima ukapata sentimita 80 zilizobaki, mwenye kiti cha magurudumu hapiti hapo, basi.

Hapa niongeze jambo ambalo wenye macho hatulifikirii. Fimbo nyeupe ya asiyeona hupapasa chini. Itagusa ukuta, itagusa ukingo wa njia, itagusa shina la mti, na mwenyewe atalikwepa. Tawi lililochomoza usawa wa uso fimbo hupita chini yake bila kuligusa, na kitu cha kwanza kulifikia ni jicho au paji la uso. Ndiyo maana viwango vya Marekani vinakataza kitu chochote kati ya sentimita 68.5 na sentimita 203 kutoka chini kuchomoza zaidi ya sentimita 10 ndani ya njia. Chini ya sentimita 68.5 fimbo itakigundua, na juu ya 203 kichwa kitapita. Kati ya hapo hakuna ulinzi. Ukiwa na muda wa kukata tawi moja tu leo, kata la usawa huo.

La tatu ni kuona kwenye kona na getini. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva kabla hajakanyaga breki ameshakula sekunde nzima akitambua kilicho mbele. Kaa kwenye kiti cha dereva getini pako, macho yako yakiwa kama mita 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara, utazame kulia na kushoto. Mwongozo wa usanifu wa mitaa wa Uingereza wa mwaka 2007 unataka mtu aliyekaa hivyo aone kama mita 43 kila upande pale magari yanapokwenda kilomita 48 kwa saa. Huna haja ya kupima hadi sentimita ya mwisho. Mwombe mtu asogee kando ya barabara huku akihesabu hatua, na umwambie asimame pale anapopotea kwenye majani. Halafu rudia jaribio hilo kwa ndoo iliyowekwa juu ya kiti, ifike kimo cha mtoto wa miaka mitano, yaani kama mita 1.1. Uzio unaomwonyesha mtu mzima mara nyingi humficha mtoto. Kwenye pembe hizo za kuonea, ushushe mpaka sentimita 60 hivi na uuache ukae hapo.

La nne ni alama, taa za kuongozea magari na taa za barabarani. Tembea kama mita 50 kila upande, geuka, utazame kama dereva anayekuja. Taa za barabarani zikague usiku. Mchana utaona nguzo, usiku ndipo utakapoona kivuli kinachoangukia njia.

Piga picha za kabla. Zitakufaa siku ukiletewa barua.

Hatua ya 3: Angalia ndege kabla ya panga

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayowaingiza watu matatani na sheria wasiyoijua. Ujerumani hairuhusu kufyeka au kuondoa nyua za miti kuanzia Machi 1 hadi Septemba 30, ingawa kupunguza machipukizi ya mwaka huo kwa uangalifu kunaruhusiwa. Ayalandi nayo huzuia kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, ila sababu za usalama wa barabara zimewekewa nafasi. Uingereza inakataza kuharibu kiota kinachotumiwa na ndege, mwezi wowote ule. Kwako tarehe zitafuata majira ya hapo, na miti mingine mikubwa inaweza kuhitaji kibali hata ikiwa ndani ya kiwanja chako. Uliza ofisi ya mazingira kabla ya kuchukua msumeno.

Hata pasipo sheria, fungua matawi uchungulie. Ukikuta kiota chenye mayai au makinda, acha kipande hicho, ukate kwingine. Tawi la hapo likiwa linaziba njia, lifunge kamba ulivutie ndani kwenye shina nene. Kamba itakaa wiki chache tu, makinda yakiruka unakata.

Hatua ya 4: Kata

Vifaa: mkasi mrefu wa bustani au mashine ya kukatia uzio, msumeno mdogo wa matawi manene, reki, turubai la kudondoshea matawi, glavu nene, miwani ya kinga, buti, na fulana inayoakisi mwanga. Panga hufanya kazi kwa mtu aliyelizoea, lakini huchana tawi badala ya kulikata, na tawi lililochanika huoza. Kwenye njia yenye watu panga pia lina ubaya wake: mkono unaolirusha nyuma hauoni anayepita.

Chagua saa isiyo na msongamano. Si asubuhi ya kwenda shule wala jioni ya kurudi kazini. Weka koni au kitu chochote chenye rangi kali mita kadhaa kabla ya unapofanyia kazi, pande zote mbili, na uwe na mtu wa pili wa kusimamisha kazi watu wanapopita. Ngazi isisimame kwenye lami. Ikiwa sehemu yako haikatiki bila kusimama barabarani magari yakipita, hiyo si kazi ya Jumamosi ya mwenye nyumba. Tafuta fundi anayeruhusiwa kuweka alama za kuongoza magari, au iombe mamlaka ya barabara ikupangie.

Kabla ya kugusa chochote, tazama juu. Tawi lililokaribia waya wa umeme usilikate wewe, usilivute, usiliguse kwa fito. Shirika la umeme ndilo linalojua kuzima laini. Mashine ya kutumia umeme, waya wake upitishe begani uning'inie mgongoni, mbali na meno ya mashine.

Tambua pia unachokata. Mnyaa una utomvu mweupe unaounguza macho vibaya. Tone moja likiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usipanguse kwa glavu uliyofanyia kazi, na uende hospitali. Utomvu wa oleanda una sumu, na hata moshi wake ukiuchoma ni sumu. Bogenvilia na michongoma huchoma kupitia glavu nyembamba za bustani, kwa hiyo vaa za ngozi.

Sasa ukate. Anza chini upande juu, ili vipande vianguke badala ya kunasa kwenye majani ambayo hujayafikia. Usiishie kwenye mstari wa mpaka. Ukikata sawasawa na ukingo wa njia leo, baada ya wiki chache matawi yako nje tena. Rudi ndani sentimita 20 hadi 30, ili uzio uwe na mahali pa kukulia bila kumgusa mtu.

Umbo nalo lina maana. Acha uzio uwe mpana chini na uufinye kadiri unavyopanda. Wengi hufanya kinyume, bila kukusudia: mkono hukata vizuri usawa wa kifua, juu pakaachwa kwa sababu hapafikiki, matokeo yake juu panatanuka na kukinga jua. Chini pananyimwa mwanga, panapukutika majani, na uzio unabaki miguu mitupu chini na shungi linaloangukia njia juu. Ukiona uzio wako umefika hapo, dawa yake ni kupunguza juu kwanza.

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja. Duranta, lantana na michongoma ni jamii ngumu, hukatwa sana na kuchipua. Saiprasi na ndugu zake ni kesi nyingine kabisa. Ukikata mpaka ndani kwenye mti wa kahawia usio na majani, hapo hapachipui tena, na utabaki na kidonda kikavu miaka yote. Kama saiprasi imetanuka mpaka mstari wa majani yake wa ndani uko nje ya mpaka wako, hakuna kupogoa kutakakoiokoa sura yake. Amua: ukubali upande mkavu wa barabarani, au ung'oe upande mti mwingine. Mimi ningeng'oa.

Uzio uliotelekezwa kwa miaka, ufanye kwa awamu. Upande wa njia mwanzo wa mvua hizi, juu baadaye, upande wa ndani msimu unaofuata. Mti hupata nafasi ya kupumua. Awamu hizi zinahusu afya ya mti tu, wala si kisingizio cha kuliacha tawi la usawa wa macho lisubiri mvua zijazo. Hilo linaondoka leo.

Hatua ya 5: Zoa, kisha upange siku nyingine

Usiache vipande njiani. Mwiba mmoja wa mchongoma hutosha kutoboa tairi la baiskeli au kandambili, na majani mabichi kwenye vigae huteleza. Usiyasukume mtaroni, mvua ya kwanza itayarundika kwenye kalavati na maji yatapanda barabarani. Wala usichome kando ya barabara, moshi humfumba macho dereva. Matawi laini yakatekate uyatandaze chini ya uzio wenyewe kama matandazo, ya miiba yapeleke dampo.

Nyua nyingi zinazokua kwa kasi huhitaji mkasi mara mbili au tatu kwa mwaka, na bora uwahi mara baada ya mvua kukata kuliko kusubiri ziwe msitu. Weka ukumbusho kwenye simu. Upande wa nje uwe na siku yake peke yake, kwa sababu ukiuunganisha na wa ndani ndio utakaoachwa ukichoka.

Kama ndiyo kwanza unataka kupanda uzio, una bahati, kwa sababu matatizo mengi ya hapo juu huanzia siku ya kupanda. Watu hufunga kamba kati ya bikoni na bikoni, wakapanda miche juu ya kamba ile ile. Mche una unene wa penseli, mpaka unaonekana umeheshimiwa. Miaka mitano baadaye uzio una unene wa mita moja, na nusu yake iko kwenye njia ya umma kihalali kabisa machoni pa mwenyewe. Fikiria unene utakaokuwa nao ukikomaa, gawa kwa mbili, ongeza nafasi ya kusimama mtu anayekata, ndipo uchimbe shimo. Kwa miti mingi hiyo ni kati ya sentimita 80 na mita 1 ndani ya mpaka. Utapoteza ukanda mwembamba wa ardhi. Ukipanda mpakani utaupoteza ukanda huo huo kwa njia nyingine, kwa kukatwakatwa na watu wasio na huruma na bustani yako.

Pembeni mwa geti na kwenye kona usipande kitu kirefu kabisa. Weka nyasi au maua yasiyozidi goti.

Hatua ya 6: Wewe ni mpita njia, na uzio si wako

Anza na mtu, usianze na ofisi. Mara nyingi mwenye uzio hajui, kwa sababu niliyoitaja mwanzo: hapiti upande ule. Gonga hodi mchana, siyo saa ya chakula, na umwombe atoke nje mwone pamoja. Kumtoa nje kuna nguvu kuliko maelezo. Usipomkuta, acha karatasi au ujumbe mfupi usio na lawama:

"Habari za leo jirani. Mimi ni mkazi wa mtaa huu, napita hapa kwako kila asubuhi nikimpeleka mtoto shule. Matawi ya uzio upande wa kituo cha basi yameshuka sana, mtoto inambidi apite barabarani. Naomba utusaidie kuyapunguza. Ukihitaji mtu wa kukushikia ngazi au kuzoa matawi, nipigie, nitakuja. Asante sana."

Kama unayemwandikia ni mtu mzima kwako, tanguliza shikamoo. Haipunguzi uzito wa hoja na humfanya asome mpaka mwisho.

Mpe wiki mbili. Kimya kikiendelea, nenda ofisi. Ipi? Inayosimamia barabara hiyo: barabara kuu mara nyingi huwa chini ya wakala wa taifa, mitaa huwa chini ya halmashauri au manispaa. Ukipeleka kwa asiyehusika, barua yako itazunguka. Uliza kwanza barabara ni ya nani, ndipo uandike.

Malalamiko mazuri yana mambo machache yenye uhakika. Eleza mahali kwa namna ambayo mgeni atafika bila kukupigia simu: jina la barabara, namba ya nyumba au nguzo ya umeme iliyo karibu, upande gani. Ambatanisha picha ambayo futi kamba inaonekana, ikionyesha nafasi iliyobaki au kimo cha tawi. Andika tarehe. Taja wanaoathirika: watoto wa shule, mtu wa kiti cha magurudumu, asiyeona, madereva wanaotoka kona ile. Sema uliongea na mwenye uzio lini. "Uzio unakera" itawekwa chini ya rundo. "Njia imebaki sentimita 70 na wanafunzi wanapita barabarani mkabala na kituo cha basi" itapandishwa juu. Omba namba ya kumbukumbu, uitumie kila unapofuatilia.

Usichukue panga ukafyeka mwenyewe. Najua hasira zake. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, jirani wa kiwanja cha pili anaruhusiwa kukata tawi lililoingia kwake, mpaka usawa wa mpaka tu, na vipande vinabaki mali ya mwenye mti. Lakini haki hiyo ni ya mwenye ardhi iliyovamiwa, na barabara si ardhi yako wewe binafsi. Kumwagia dawa ya kuua magugu ndiyo kabisa usifikirie: mti uliokauka juu ya njia ni hatari kuliko uliozidi majani. Kukivunja kijitawi kinachokuchoma uso ili upite hakutamfikisha mtu mahakamani. Kuupogoa uzio wa mtu mita kumi ni jambo jingine.

Ukiumia, fanya mambo matatu siku hiyo hiyo: piga picha ya tawi kabla halijakatwa, chukua namba ya aliyeona, na upate cheti cha hospitali. Matawi ya ushahidi hukatwa haraka sana baada ya ajali.

Suala hili la kumwajibisha mwenye ardhi kwa vichaka vyake si la leo. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, iliamuru vichaka na nyua viondolewe futi 200, karibu mita 60, kila upande wa barabara zinazounganisha miji ya masoko ya Uingereza, ili majambazi wasipate pa kujificha. Mialoni na miti mikubwa iliachwa. Bwana aliyegoma kusafisha na mtu akaibiwa hapo, aliwajibika kwa uhalifu huo. Ukiona barua ya halmashauri ni kali, ujue zimewahi kuwa kali zaidi.

Hatua ya 7: Umeletewa barua

Soma tarehe kwanza. Chini ya ile sheria ya Uingereza ya 1980 mwenye uzio hupewa siku 14 tangu alipopokea notisi, anaweza kukata rufaa mahakama ya mwanzo, na asipofanya lolote mamlaka hukata yenyewe na kumdai gharama. Nchi nyingine zina siku tofauti lakini mpangilio ni huo huo: notisi, muda, kukatiwa, deni.

Barua ikiwa sahihi, kata mapema, piga picha za baada, uzitume pamoja na namba ya kumbukumbu na uombe jibu la maandishi kwamba faili limefungwa. Ukihitaji siku zaidi kwa sababu ya kiota au kumngoja mtu wa umeme, andika kabla muda haujaisha. Ofisi husikiliza aliyeandika siku ya tano kuliko aliyeandika siku ya kumi na tano. Ukiamini shina si lako, peleka ramani ya upimaji na picha ya bikoni, siyo maneno.

Na usisubiri wakukatie. Kikosi cha barabara kinakuja na mashine kubwa na lengo moja, njia ifunguke. Hakitajali kama ni saiprasi au duranta, hakitaangalia umbo, na kitakapoondoka utakuwa na bili mkononi na uzio ambao utaufumua na kuupanda upya.